Mikimbio 344 ya Ruaraka: jedwali la mchujo wa kriketi Afrika linavyosomwa

Tarehe 23 Oktoba 2024, kwenye uwanja wa Ruaraka Sports Club kando ya Thika Road, Zimbabwe walipiga mikimbio 344 kwa kupoteza wiketi nne tu, yaani wapigaji wanne tu walitolewa, dhidi ya Gambia. Nahodha wao, Sikandar Raza, alifikisha mia kwa mipira 33, akamaliza na 133 kwa mipira 43 bila kutolewa. Mapigo ya sita, yale ya mpira kuvuka mpaka bila kugusa chini, yalikuwa 27. Gambia wakajibu kwa 54, wapigaji wao wote wakatolewa. Hadi siku hiyo hakuna timu iliyokuwa imepata jumla kubwa namna hiyo katika mechi ya kimataifa ya T20, yaani ya ova 20 kwa kila timu (ova ni mipira sita), na rekodi hiyo iliwekwa Nairobi, si Mumbai wala Melbourne.

Aliyeketi pale na kofia yake ya jua angekuwa na haki ya kujiuliza: timu ikishapita 200 dhidi ya mpinzani asiyeelekea kufika mia, inaendelea kupiga ya nini? Rekodi ni tamu, sawa. Lakini hata pasipo rekodi ya kuvunja, timu yenye akili ingeendelea vilevile. Katika mchujo wa aina hii huchezi na timu iliyo mbele yako peke yake. Unacheza pia na ile iliyopumzika hotelini, ambayo wiki ikiisha mnaweza kujikuta na pointi sawa. Hapo kinachowatenganisha ni safu ya mwisho ya jedwali, ile yenye alama ya kujumlisha au kutoa na tarakimu tatu baada ya nukta, ambayo mashabiki wengi huipita macho.

Safu hiyo huandikwa NRR, kifupi cha net run rate. Hapa tutaiita wastani halisi.

Zimbabwe walifikaje Ruaraka

Zimbabwe ni mwanachama kamili wa ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, nchi inayocheza mechi za siku tano na vigogo. Kuikuta ikitoana jasho na Gambia na Shelisheli kunahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yako Windhoek. Mnamo Novemba 2023 timu saba za Afrika zilikutana Namibia kugombea nafasi mbili za Kombe la Dunia la T20 la 2024. Uganda wakawapiga Zimbabwe kwa wiketi tano, wakamaliza kazi siku chache baadaye kwa kuwabwaga Rwanda, na nafasi mbili zikaenda kwa Namibia na Uganda. Zimbabwe wakabaki nje.

Kwa hiyo safari ya kuelekea Kombe la 2026, lile la India na Sri Lanka, Zimbabwe waliianza kwenye ngazi ya chini kama wengine. Ngazi hiyo ilikuwa na mashindano matatu mwaka 2024: moja Tanzania mwezi Septemba, la pili Nairobi mwezi Oktoba, la tatu Nigeria mwezi Novemba. Kila shindano lilipandisha timu mbili. Tanzania na Malawi walitoka la kwanza, Nigeria na Botswana wakatoka la tatu. La Nairobi, lililochezwa Gymkhana na Ruaraka, lilikuwa na Zimbabwe, Kenya, Rwanda, Msumbiji, Gambia na Shelisheli. Zimbabwe waliongoza, Kenya wakawa wa pili. Sita hao wakaungana na Namibia na Uganda kwenye fainali ya kanda kule Harare, Septemba na Oktoba 2025. Huko Kenya walifika nusu fainali wakazuiwa na Zimbabwe, Tanzania wakazuiwa na Namibia, na washindi hao wawili ndio wakakata tiketi.

Nusu fainali haina fumbo: ukishinda unaendelea, ukishindwa unafunga mkoba. Fumbo liko kwenye ngazi ya Nairobi. Timu ni sita, kila moja inacheza tano, na mmoja kati yao ni jitu ambalo karibu wote watapigwa nalo. Inayobaki ni nafasi moja ya pili, na timu zinazoigombea ziko karibu kwa uwezo. Leo huyu anampiga yule, kesho yule anampiga wa tatu, keshokutwa wa tatu anamgeukia wa kwanza. Pointi zikilingana hapo, usishangae.

Kabla ya wastani, kuna ngazi nyingine

Ushindi una pointi 2. Mechi iliyovunjika bila matokeo hugawa pointi 1 kwa kila timu. Sare ya mikimbio katika T20 haibaki sare: huamuliwa kwa ova moja ya ziada, mshindi akachukua zote mbili. Mikimbio ya ova hiyo ya ziada haiingii kwenye wastani.

Pointi zikilingana, kwa kanuni za kawaida za ICC kinachotazamwa kwanza ni idadi ya ushindi. Watu wengi hurukia wastani moja kwa moja na kukosea hapa. Timu yenye ushindi tatu na vipigo viwili ina pointi 6. Timu yenye ushindi mbili, kipigo kimoja na mechi mbili zilizoharibiwa na mvua ina pointi 6 pia. Ya kwanza iko juu, hata kama wastani wake ni mbovu kuliko wa ya pili. Ushindi nao ukilingana ndipo wastani halisi unaingia. Matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe huja baada ya wastani, kinyume na mazoea ya baadhi ya mashindano ya kandanda. Ukiwa shabiki wa Gor au AFC unaweza kuapa kwamba "lakini sisi tuliwafunga!" Kwenye jedwali la kriketi kelele hiyo inakuja imechelewa. Mashindano yanaweza kuwa na kifungu chake, kwa hiyo kanuni za shindano husika zisomwe kabla ya mpira wa kwanza, si siku ya mwisho.

Hesabu yenyewe

Wastani halisi ni mikimbio uliyopata kwa kila ova katika mashindano yote, ukitoa mikimbio uliyofungwa kwa kila ova katika mashindano yote. Ni hivyo tu. Taabu huanzia kwenye neno ova.

Ubao ukiandika ova 9.4, maana yake si tisa na sehemu nne za kumi. Ni ova tisa kamili na mipira minne ya ova ya kumi, na ova ina mipira sita. Njia salama ni kuachana na ova kabisa na kuhesabu mipira: 9.4 ni mipira 58. Jumlisha mikimbio yote, zidisha kwa sita, gawa kwa mipira yote. Kikokotoo cha simu ya kawaida kinatosha.

Tuchukue timu ya kubuni, tuiite Chui, katika kundi la timu nne. Imecheza mechi tatu:

Ya kwanza, dhidi ya Twiga: Chui 148 kwa ova 20, Twiga 120 kwa wiketi 9, ova 20. Chui wameshinda.

Ya pili: wapinzani wametolewa wote kwa 84 katika ova 15.2. Chui wamefika 85 kwa ova 9.4. Wameshinda tena.

Ya tatu: Chui wametolewa wote kwa 96 katika ova 16.1. Wapinzani wamefika 97 kwa ova 13.3. Chui wamepigwa.

Sasa kanuni muhimu kuliko zote: timu ikitolewa yote kabla ya ova zake kwisha, huhesabiwa kana kwamba imecheza ova zote 20. Kwa hiyo zile 15.2 za wapinzani na zile 16.1 za Chui zote zinageuka mipira 120. Anayekimbiza lengo akalifikia ndiye pekee anayehesabiwa mipira aliyotumia kweli.

Mikimbio ya Chui: 148 na 85 na 96, jumla 329. Mipira: 120 na 58 na 120, jumla 298. Hiyo ni 6.624 kwa ova. Waliyofungwa: 120 na 84 na 97, jumla 301. Mipira: 120 na 120 na 81, jumla 321. Hiyo ni 5.626 kwa ova. Toa: +0.998.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara kwenye karatasi za watu ni matatu. La kwanza ni kuiachia Excel isome 9.4 kama desimali. Katika mfano wetu kosa hilo linatoa +1.013 badala ya +0.998. Tofauti inaonekana ndogo, ila timu hutenganishwa na ndogo kuliko hiyo.

La pili ni kusahau kanuni ya kutolewa wote. Ukihesabu 96 ya Chui kwa ova 16.1 unapata 5.938 kwa ova, ilhali kihalali ni 4.800. Ukihesabu 84 ya wapinzani kwa ova 15.2 unapata 5.478, ilhali ni 4.200. Katika mfano huu makosa hayo mawili yanakaribia kufutana kwa sababu moja linawapendelea Chui na jingine linawaumiza. Ni bahati tu. Timu iliyotolewa mara tatu bila kumtoa mtu haitaipata bahati hiyo.

La tatu ndilo baya, kwa sababu linaonekana la kisomi. Mtu anatafuta tofauti ya kila mechi, +1.400 ya kwanza, +4.593 ya pili, −2.385 ya tatu, kisha anazijumlisha na kugawa kwa tatu. Anapata +1.203. Si kweli, na kosa la zaidi ya 0.2 linaweza kuhamisha timu nafasi mbili. Limetoka wapi? Ile +4.593 inang'aa, lakini imetokana na Chui kupiga mipira 58 tu. Kwenye hesabu halali mipira 58 ina uzito wa mipira 58, haiwezi kupewa uzito wa mechi nzima.

Kosa hili la tatu ndilo linalotupeleka kwenye jibu la Ruaraka.

Kushinda upesi na kushinda kwa kishindo

Watu wengi huamini kwamba njia bora ya kupandisha wastani ni kumtoa mnyonge kwa mikimbio michache, kisha kuimaliza kazi kwa ova tatu au nne na kwenda kula mapema. Machoni inapendeza, ila kwenye jedwali faida yake ni ndogo.

Tuchukue Zimbabwe ya Ruaraka na kuibunia mechi nyingine nne: kwa jumla wamepata 640 kwa ova 80, wamefungwa 480 kwa ova 80. Wastani ni +2.000. Sasa ongeza mechi ya Gambia kama ilivyokuwa, 344 kwa ova 20 dhidi ya 54 inayohesabiwa kwa ova 20. Mikimbio inakuwa 984 kwa ova 100, waliyofungwa 534 kwa ova 100. Wastani unaruka hadi +4.500.

Geuza mambo. Gambia wanapiga kwanza, wanatolewa kwa 54 ileile, Zimbabwe wanafika 55 kwa ova 3.3. Ni mauaji yaleyale. Lakini mikimbio sasa ni 695 kwa ova 83 na nusu, yaani 8.323 kwa ova. Waliyofungwa bado ni 534 kwa ova 100, yaani 5.340. Wastani ni +2.983.

Mpinzani ni yuleyule, udhaifu ni uleule, pointi ni 2 zilezile, lakini tofauti ni zaidi ya mkimbio mmoja na nusu kwa ova kwenye jedwali zima. Kisa ni kwamba anayekimbiza lengo dogo hunyimwa nafasi ya kupiga. Mechi inakwisha akiwa bado ana njaa. Anayepiga kwanza ana mipira 120 yote ya kujaza gunia.

Kwa hiyo nahodha anayeshinda kura ya sarafu dhidi ya timu nyonge anatakiwa kupiga kwanza, isipokuwa pichi ya asubuhi ina unyevu unaoweza kumtoa jasho au mawingu yametanda kuashiria mvua. Nairobi ina sababu yake ya ziada: jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira uliopigwa vizuri husafiri mbali kuliko ungesafiri Mombasa. Shahid Afridi alipata mia kwa mipira 37 pale Gymkhana mwaka 1996, na sita zake hazikuhitaji msaada, ila hewa haikumpinga.

Upande wa anayepigwa, mambo yanageuka kichekesho kidogo. Ukijua utashindwa tu, kipigo cha upesi kinakuumiza kidogo kuliko cha kishindo, maana mipira michache uliyofungwa ina uzito mdogo. Timu nyonge inayoshinda kura ya sarafu dhidi ya jitu ina sababu nzuri ya kihesabu ya kupiga kwanza yenyewe, ingawa makocha wengi watakuambia warushaji wake wanahitaji uzoefu, na hoja hiyo nayo ina uzito.

Jambo jingine ambalo mnyonge anapaswa kulijua: wiketi hazina thamani yoyote kwenye wastani. Kutolewa wote kwa 84 katika ova 15.2 na kujikokota hadi 84 kwa wiketi 6 katika ova 20 ni kitu kimoja. Kwa hiyo wapigaji wa mwisho wanaojilinda ova nne nzima ili "tusitolewe wote" hawalindi chochote ila heshima. Wangepiga. Hapa ndipo binafsi naona mfumo una kasoro: anayeshinda kwa wiketi kumi hupata sawa na anayeponea kwa wiketi moja, mradi mipira imelingana. Wapo waliojaribu kubuni vipimo vinavyohesabu wiketi pia, lakini wastani huu umedumu kwa sababu mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuukagua.

Mvua ya Oktoba

Shindano la Nairobi liliangukia mwanzoni mwa msimu wa vuli, na kila mkazi anajua mawingu ya alasiri ya mwezi huo yanavyokuja bila hodi. Ili mechi ya T20 iwe na matokeo, kila timu lazima ipate nafasi ya kucheza angalau ova tano, isipokuwa imetolewa yote au imeshafika lengo mapema. Chini ya hapo mechi inavunjika, pointi zinagawanywa, na mikimbio yote iliyokwisha kupigwa inafutwa kwenye wastani. Hata kama ulikuwa umefika 200.

Mvua ikikata sehemu tu, lengo hupangwa upya kwa mfumo wa Duckworth-Lewis-Stern. Mfumo huu huichukulia timu kuwa na rasilimali mbili, ova zilizobaki na wiketi zilizobaki. Timu ya kwanza ikipata 160 kwa ova 20, kisha timu ya pili ikabakiwa na ova 10, lengo haliwi nusu, yaani 81. Linaweza kuwa 94, tuseme, kwa sababu wiketi kumi za kutumia ndani ya ova kumi zinaruhusu mtu apige bila kujihurumia.

Kwenye wastani, timu ya kwanza hapo haihesabiwi 160 kwa ova 20. Inahesabiwa lengo jipya pungufu ya moja, kwa ova alizopewa mpinzani: 93 kwa ova 10. Zile 160 zimepotea, na anayejumlisha kutoka kwenye ubao wa uwanjani atapata jibu lisilofanana na la waandaaji.

Tena kuna mtego wa neno. Karatasi ya Duckworth-Lewis-Stern inayobandikwa vyumbani mara nyingi huonyesha alama ya kulingana kila mwisho wa ova. Kuifikia ni sare. Kushinda unahitaji moja zaidi. Tarehe 3 Machi 2003, Durban, kwenye Kombe la Dunia, Afrika Kusini walikuwa wakikimbiza lengo dhidi ya Sri Lanka huku mvua ikinyesha. Mark Boucher alipiga sita ikawafikisha 229, akaamini wameshinda, na mpira wa mwisho wa ova hiyo akauzuia tu. Mvua ikasimamisha mechi hapohapo. 229 ilikuwa alama ya kulingana. Mechi ikawa sare na wenyeji wakaaga Kombe lao wenyewe, wakati Kenya, waliokuwa kundi hilohilo na waliokuwa wamewapiga Sri Lanka hao kwa mikimbio 53 pale Gymkhana siku saba kabla, wakaendelea hadi nusu fainali.

Karatasi ya mechi ya mwisho

Rudi kwa Chui. Wamemaliza mechi zao, wana pointi 4 na +0.998, wako hotelini wanafuatilia simu. Twiga, waliopigwa na Chui 148 kwa 120, mechi ya pili walishinda 130 kwa 88. Wamepata 250 kwa ova 40, wamefungwa 236 kwa ova 40, wastani +0.350, pointi 2. Mechi ya mwisho wapinzani wao wamepiga kwanza, 118 kwa wiketi 8 katika ova 20. Twiga wanataka 119. Wakishinda watakuwa na pointi 4 na ushindi mbili, sawasawa na Chui. Swali ni washinde kwa ova ngapi.

Waliyofungwa inajulikana tayari: 236 na 118, jumla 354 kwa ova 60, yaani 5.900. Ili kuizidi +0.998 wanahitaji kupata zaidi ya 6.898 kwa ova. Wakifika 119, jumla yao ni 369. Gawa 369 kwa 6.898 unapata ova 53.494. Toa 40 walizokwisha kutumia: 13.494. Hii sasa ni desimali halisi, kwa hiyo ile .494 izidishe kwa sita: mipira 2.96. Mipira miwili inatosha, wa tatu umezidi. Mwisho ni ova 13.2. Wakifika 119 kwenye mpira wa 13.3, wastani unakuwa +0.997 na wanakosa kwa unywele.

Wengi huishia hapo, wakaandika 13.2 kwenye karatasi na kumpelekea mpigaji pamoja na glavu kavu. Karatasi hiyo haijakamilika. Mechi haimaliziki lazima kwa 119. Pigo la mwisho likiwa nne au sita linahesabiwa lote, kwa hiyo Twiga wanaweza kumaliza na 120, 122, hata 124, na kila mkimbio wa ziada unanunua muda. Fanya hesabu ileile kwa kila jumla: 120 inaruhusu hadi 13.3, 121 hadi 13.4, 122 hadi 13.5, 123 hadi 14.0, 124 hadi 14.1. Hapa inatokea kila mkimbio kununua mpira mmoja kamili. Kwa tarakimu nyingine inaweza isilingane hivyo, lazima kila mstari uhesabiwe peke yake.

Afghanistan walilipa gharama ya karatasi pungufu kwenye Kombe la Asia, Lahore, tarehe 5 Septemba 2023, katika mechi ya ova 50. Walihitaji 292 dhidi ya Sri Lanka ndani ya ova 37.1 ili wasonge mbele. Mpira wa 37.1 ukapita wakiwa 289, wiketi ya tisa ikaanguka, na walioko uwanjani wakaamini yamekwisha. Bado walikuwa na nafasi: 295 kufikia 37.4 ingetosha, yaani sita moja. Mpigaji wa mwisho akazuia mipira, Rashid Khan akitazama kutoka upande wa pili, kisha kwenye 37.4 akatolewa. Walipigwa kwa mikimbio miwili, na baadaye kocha wao, Jonathan Trott, alisema hawakuwa wameambiwa kuhusu nafasi hizo za ziada.

Karatasi kamili huandaliwa mapumziko ya kati ya zamu mbili, mara tu jumla ya mpinzani inapojulikana. Ni dakika chache za kazi kwa mtu mmoja asiye na jukumu jingine, na mtu huyo asiwe mwandika alama, ambaye mkono wake una shughuli. Ubao wa uwanjani usiaminiwe kwa idadi ya mipira, maana viwanja vingi vya kwetu ubao huchelewa kwa mpira mmoja au miwili, na waidi moja (mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji) iliyosahaulika inavuruga yote. Kumbuka waidi huongeza mkimbio bila kula mpira. Anayeshika karatasi asimame karibu na mwandika alama na kuhesabu naye.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Timu ikiwa na 118, mpira wa 13.2 umepita, mpigaji wa Twiga hahitaji desimali. Anahitaji kujua kwamba kuanzia sasa mkimbio mmoja wa kawaida, ule utakaoipa timu ushindi na kuwainua mashabiki vitini, unawarudisha nyumbani. Mpira ukienda kwenye pengo, asikimbie. Nne inafaa hadi 13.5. Baada ya hapo ni sita tu, na ana mipira miwili ya kuitafuta.